Kwa nini bakteria hawafi kwenye barafu

"Daktari, hao wadudu si wanakufa wakishatiwa barafu?" aliniuliza mchuuzi mmoja wa samaki hapa Lamu. Nikamwambia hawafi. Nikaomba vichupa viwili, kimoja cha mafuta ya nazi na kingine cha simsim, tukavizika kwenye kasha lake la barafu, katikati ya changu na tafi. Tulipovifukua, ya nazi yalikuwa yameganda kama nta. Ya simsim yalimiminika vilevile.

Molekuli za mafuta ni kama minyororo. Mafuta ya nazi yana minyororo iliyonyooka, hujipanga kama boriti na kushikana. Ya simsim mingi ina kombo, haipangiki. Sasa, bakteria amezungukwa na utando wa mafuta tabaka mbili, na ndani yake zimo protini zinazopitisha chakula. Baridi ikiugandisha utando, milango hiyo hukwama, naye hawezi kukua.

Ndipo anapoyabadilisha mafuta yake. E. koli, bakteria wa utumboni, anapounda mafuta mapya kwenye baridi, huongeza yenye kombo. Basilasi sabtilisi, bakteria wa udongoni, ana njia inayonishangaza hadi leo: protini iliyopachikwa kwenye utando wenyewe huhisi kwamba utando unakakamaa, hupeleka habari ndani, kisha kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, huundwa na kutia kombo kwenye minyororo iliyopo tayari. Havunji nyumba kujenga upya. Listeria, bakteria anayeambukiza kupitia chakula, yeye hutumia minyororo mifupi yenye tawi karibu na ncha, ndiyo maana hukua hata ndani ya friji ya nyuzi 4, na ndiyo maana wajawazito huonywa juu yake.

Kwa samaki wa barafu, wasumbufu wakubwa ni bakteria waitwao Sudomonasi na Shewanela. Wanaikubali baridi, huendelea kuzaana polepole, na ile harufu mbaya ni kazi yao.

Lakini samaki wa bahari zetu za joto, kwa kawaida, hukaa kwenye barafu muda mrefu kuliko wa bahari za baridi. Bakteria wengi wanaotoka nao majini wamezoea joto, na barafu huwakwamisha ghafla. Faida hiyo huipati samaki akishinda juani kwenye mashua mpaka adhuhuri, kwani saa hizo wanazaana kwa raha zao.

Mchuuzi alikisugua kile kichupa cha nazi viganjani mpaka mafuta yakaanza kuyeyuka. "Basi barafu itoke nasi alfajiri," akasema, akamwita nahodha wake.