Je, wajua kwa nini kisahani hukata kona kushoto kabla ya kutua?

Kisahani changu cha plastiki cha kutupa kiliniondoka mkononi kimenyooka kama rula. Kikapita juu ya ukuta mfupi wa mawe meusi, kikaelekea kwenye beseni letu la kulengea mita hamsini hivi mbele, nami nikaanza kujisifu moyoni. Kilipobakiza kama mita kumi na tano kikainamisha bega la kushoto, kikakata kona, kikaenda kugonga geti la jirani. Mpwa wangu, anayeniita tonto, yaani mjomba, alicheka hadi akakaa chini.

"Tonto, hii kitu iko na roho yake!"

Nilimwambia ni upepo. Nilikuwa namdanganya, maana asubuhi ile hata moshi wa jikoni ulikuwa unapanda wima. Kesho yake nikatupa tena, kikakata kushoto. Mara kumi, mara ishirini, kushoto. Upepo gani huo unaojua upande mmoja tu?

Mchezo wenyewe unaitwa gofu ya visahani. Badala ya rungu na mpira, unatupa kisahani cha plastiki kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Uwanja kamili huwa na vikapu 18. Wetu una vitatu, kwenye kiwanja kisichojengwa huku Majengo, kaskazini mwa Goma, ambako ardhi yote ni lava iliyoganda. Kikapu cha kwanza ni beseni bovu lililofungwa kwenye gogo, juu yake tumening'iniza minyororo ya baiskeli iliyokwisha kazi. Kazi ya minyororo si mapambo. Kisahani kikigonga ubao kinaruka nyuma, lakini kikigonga mnyororo kila pingili inasogea kidogo na kula sehemu ya mwendo, mpaka kisahani kinachoka na kudondoka ndani. Yetu ni michache mno, kwa hiyo nusu ya mitupo mizuri hupenya katikati na kutokea upande wa pili. Hilo nalo linaleta ugomvi.

Ugomvi wa namna hiyo ndio uliozaa kikapu chenyewe. Ed Headrick, Mmarekani anayeitwa baba wa mchezo huu, alisimamisha uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California. Shabaha zilikuwa nguzo tu, na watu walibishana kama kisahani kimegusa au hakikugusa. Kikapu chake cha minyororo kilipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1977. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki yakatengenezwa visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Kwetu sisi tunaozika, habari hiyo inataka kumezwa polepole.

Turudi kwenye kona ya kushoto. Ukitaka kuielewa, tafuta kifuniko cha ndoo na gurudumu la baiskeli.

Anza na kifuniko. Kitupe bila kukizungusha, kama unavyosukuma sinia mezani. Kitapepesuka na kuanguka karibu na miguu yako. Kitupe tena, safari hii ukikipa mzunguko kwa kifundo cha mkono, nacho kitaelea. Hewa inayopita juu na chini yake inakiinua kama inavyoinua bawa la ndege, lakini bawa lisilo na mkia hupinduka lenyewe. Mzunguko ndio mkia wake. Mtupaji stadi hukitoa kisahani kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kikizunguka takriban mara 20 kila sekunde. Na uzito wake mwingi uko ukingoni, siyo katikati, ili mzunguko huo usiishe haraka.

Sasa gurudumu. Lifungue kwenye baiskeli (gurudumu la chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, liache, litakuvunja mkono), lishike ekseli kwa mikono miwili mbele ya kifua, halafu mtu mwingine alizungushe kwa nguvu. Jaribu kulilaza upande. Halilali. Badala yake linajigeuza kwenda kulia au kushoto kama mbuzi anayevutwa kamba. Kitu kinachozunguka ukikisukuma mahali fulani, hakijibu pale ulipokisukuma. Kinajibu robo mzunguko mbele.

Hapo ndipo siri ilipo. Ukitupa kwa mkono wa kulia, kiganja kikianzia upande wa kifua cha kushoto na kufunguka kwenda mbele, kisahani kinazunguka kama mishale ya saa ukikitazama kutoka juu. Mwanzoni kinaenda kasi na kinakata hewa kikiwa bapa, na kani ya hewa inayokiinua hukaa nyuma kidogo ya kitovu chake. Maana yake ukingo wa nyuma unasukumwa juu na pua, yaani ukingo wa mbele, inataka kushuka. Lakini pua haishuki. Mzunguko unaupeleka msukumo ule robo duara mbele, na kinachotokea ni kisahani kuinamia kulia. Ndiyo maana kisahani chepesi kugeuka, kikitupwa kwa nguvu, huanza safari kikijongea kulia kidogo.

Kisha kinapungua kasi. Kikipungua kinaanza kuzama, na hewa sasa inakipiga zaidi kutoka chini. Kani inayokiinua inahamia mbele ya kitovu. Safari hii pua inasukumwa juu, msukumo unahamishwa tena robo duara, na kisahani kinainamia kushoto. Hapo ndipo geti la jirani linapolia.

Mpwa wangu hakuniamini mpaka alipotupa yeye. Yeye ni wa mkono wa kushoto. Kisahani kilekile, beseni lilelile, asubuhi ileile, na kikakata kona kulia. Mkono umebadilika, mzunguko umegeuka, kona nayo imegeuka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtu wa mkono wa kulia anaweza kukipeleka kulia. Anaweza. Atupe kwa ubavu, kiganja kikitazama juu, kama mtu anayerusha jiwe bapa liruke juu ya maji ya ziwa Kivu. Kifundo kinachapa upande wa pili, mzunguko unageuka, na kisahani kinamalizia kulia. Wachezaji wazoefu wanabeba mitupo yote miwili kwa sababu hiyo, kwani mti ukiziba njia upande mmoja unauzunguka kwa upande wa pili.

Lakini kona yangu ilikuwa inakuja mapema mno, na hapo kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nainua pua. Mgeni wa mchezo huu hudhani ili kitu kiende mbali lazima ukielekeze mbinguni, na kisahani kikiinuliwa pua kinapanda, kinasimama angani kama kimesahau jambo, kisha kinamwagika kushoto. Dawa yake ni ndogo kuliko nilivyofikiri. Vidole vinne vinashika chini ya ukingo, dole gumba juu, na unapokivuta kwa mstari ulionyooka mbele ya kifua, geuza kifundo kidogo kama unayefungua kufuli. Pua inashuka. Nilipoanza kufanya hivyo nikaongeza kama hatua kumi na mbili bila kuongeza nguvu yoyote.

Kosa la pili lilikuwa la kisahani nilichochagua. Ndugu aliyetuletea kutoka Ulaya alileta viwili. Kimoja kina ukingo butu na mnene, ni cha kutupia karibu na kikapu. Kingine ni cha masafa, ukingo wake ni mpana na mkali kama kisu. Umbo hilo la ukingo uliochongwa liliingia mchezoni mwaka 1983 kupitia Mmarekani Dave Dunipace, na kabla yake watu walitupa visahani vya mviringo laini kama vile vya kuchezea ufukweni. Ukingo mkali unapasua hewa, kwa hiyo nikadhani ndicho cha kutupa kila mahali. Kumbe kile cha masafa kinahitaji kasi ambayo mkono wangu hauna. Kisipoipata, ile hatua ya kwanza ya kuinamia kulia haiji kabisa, kinaanza moja kwa moja na hatua ya pili, yaani kushoto na chini. Kile butu, kinachodharauliwa, kilinyooka vizuri zaidi. Anayeanza aanze nacho hicho.

Visahani vingi vinachapwa namba nne mgongoni. Ya kwanza ni kasi kinayotaka, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu ni kiasi cha kugeuka mwanzoni, ya nne ni ukali wa kona ya mwisho. Namba ya nne ikiwa 0, kinatua karibu kimenyooka. Ikiwa 4 au 5, andaa maneno ya kumwambia jirani. Uzito nao una mpaka, kwani kanuni haziruhusu zaidi ya gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Kidogo cha sentimita 21 basi hakizidi gramu 174.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba namba hizo hazisemi ukweli wote hapa Goma. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya urefu huo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 14 hivi. Hewa nyepesi inakishika kisahani kwa ulegevu. Ile kani ya mwanzo inayokiinamisha kulia inapungua, na kinachobaki kuonekana ni kona ya kushoto. Kisahani kinachonyooka pwani, huku juu kinafanya kama kina namba ya nne kubwa zaidi. Upepo unaingilia pia. Alasiri, pumzi ya ziwa inapopanda kutoka kusini, ukitupa kuelekea ziwani ni kama umekiongezea kasi kisahani, na kinageuka kulia kuliko kawaida. Ukiupa upepo mgongo, kushoto kunarudi haraka.

Na kuna mawe. Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002, lava ilikata mji katikati hadi ziwani, na matofali ya kuta zetu nyingi ni lava hiyo hiyo. Ukiiangusha plastiki juu yake unasikia kama mtu anakwaruza sufuria. Kila kutua, ukingo unang'olewa kijisehemu. Baada ya miezi mitatu kile cha masafa kilikuwa na makovu mduara mzima, na mengine yalikuwa makali hadi yakamchana mpwa wangu kidole. Kanuni zinaruhusu kuyasugua kidogo kwa msasa, mradi usibadilishe namna kisahani kinavyoruka, nasi tukasugua.

Makovu hayo yanabadilisha mruko yenyewe, bila msaada wa mtu. Ukingo ukilika na kukunjwa, hewa inaushika tofauti, na kisahani kinazidi kuwa chepesi kugeukia kulia, kona ya kushoto ikipoteza ukali. Wachezaji wa nchi nyingine husubiri msimu mzima kisahani kizeeke hivyo, na wengine hubeba viwili vya aina moja, kipya na kikuukuu, kwa njia tofauti. Lava yetu inamaliza kazi hiyo kwa miezi michache. Mwinuko wa mji unakivuta kushoto, mawe ya mji yanakirudisha kulia.

Jumapili iliyopita nilisimama palepale pa siku ya kwanza na kile chenye makovu. Kikaondoka, kikaegemea kulia kidogo, kikarudi taratibu, kikapita mbele ya geti bila kuligusa. Kikaingia kwenye minyororo ya baiskeli, kikapenya katikati, kikatokea upande wa pili.

"Imeingia," nikasema.

"Haikuingia, tonto. Imepita."