Trio ya jazi inapomuenzi kiongozi wa bendi kubwa

Kundi dogo la jazi likisema linamuenzi kiongozi wa bendi wa enzi ya swingi, maana yake ni kwamba nyimbo zilizopangwa kwa wanamuziki kumi na tano hivi zitapigwa na watatu, wanne au watano, wala hawatajifanya bendi kubwa. Kundi linalonakili rekodi ya zamani noti kwa noti linafanya kazi nyingine, nayo ina heshima yake.

Enzi ya swingi ilianzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940, Wamarekani walipocheza dansi kwa bendi zenye safu za tarumbeta, tromboni na saksafoni. Duke Ellington, mmoja wa viongozi wa bendi hizo, alitunga akiwa na mpigaji mahususi kichwani: mstari huu wa mpiga saksafoni Johnny Hodges, ule wa mpiga tarumbeta Cootie Williams. Katika Mood Indigo ya mwaka 1930 alipindua desturi. Tarumbeta na tromboni zimezibwa midomo na zinaimba juu, huku klarineti, ambayo kwa kawaida ingepaa, imeshushwa chini kabisa. Utamu wa wimbo ule umo humo. Sasa ondoa vyombo vyote vitatu. Kinabaki nini?

Jibu ninalolipenda kuliko yote alilitoa mpiga piano Thelonious Monk mwaka 1955, aliporekodi nyimbo nane za bendi ya Ellington pamoja na Oscar Pettiford kwenye besi na Kenny Clarke kwenye ngoma. Kampuni ya rekodi ya Riverside ndiyo kwanza ilikuwa imemchukua, na ilitaka wasikilizaji waliomwona mgumu wamsikie akipiga nyimbo walizokwisha kuzizoea. Sababu hiyo ni ya sokoni, lakini uchaguzi ulikuwa na mizizi. Pettiford alishapiga besi katika bendi ya Ellington miaka ya 1940. Na Ellington mwenyewe alikuwa mpiga piano wa mguso mzito, asiyeogopa kuacha nafasi kati ya noti. Mtu akimsikiliza Monk anaitambua tabia hiyo mara moja.

Monk hajazi pengo la vyombo vilivyoondoka. Anaupiga wimbo karibu kama ulivyo, kisha anagonga noti mbili jirani kwa pamoja hadi zikwaruzane, ananyamaza, anaiachia besi ishike njia. Solitude anaipiga peke yake. Wapo waliolalamika kwamba alijizuia mno. Sikubaliani nao hata kidogo: kwa kujizuia kule ndipo tunasikia kwamba utunzi wa Ellington unasimama hata ukivuliwa rangi zake zote.

Mwaka 1962 Ellington naye aliiacha bendi kando kwa muda, akaketi kwenye piano na watu wawili tu, Charles Mingus kwenye besi na Max Roach kwenye ngoma. Katika albamu iliyotokana na kikao hicho, Money Jungle, zimo Caravan na Solitude, mbili kati ya zile alizozichagua Monk.