Michezo ya kuwatoa watoto jasho: tunavyodhani na ukweli wenyewe

Eti lazima uwe na uwanja na vifaa. Watu wakikaa kubuni michezo ya watoto wanaanza na koni, jezi, mipira mipya, halafu wanaishia hapo hapo manake hela haipo. Jamani, rede inataka nini? Soksi mbovu iliyojazwa matambara, chupa tupu na mchanga, basi. Wawili wanarusha huku na huku, wa katikati anakwepa na huku anachota mchanga kwa viganja ajaze chupa, anainama, anainuka, anaruka pembeni, dakika tatu tu shati limeshamganda mgongoni. Na hapo ni uchochoroni kati ya nyumba mbili.

Eti mchezo ukishakuwa wa mbio basi watoto wote wanakimbia. Hii ndo inaniuma zaidi. Angalia rede hiyo hiyo wakiwa kundi kubwa, aliyepigwa anatoka anaenda kukaa kwenye ngazi, na nani anapigwa wa kwanza? Mzito, mwoga, mdogo, yani yule yule aliyehitaji kukimbia kuliko wote ndo yuko pale anachora chini na kijiti anasubiri wenzake wamalize. Mtaani kwetu tulibadilisha sheria moja tu: ukipigwa hukai, unatimka mpaka kwenye mwembe, unagusa, unarudi kuingia tena. Kuna mtoto mmoja alikuwa kila siku ni wa kwenye ngazi, jioni ile ndo alikimbia kuliko wote kwa sababu ndo anapigwa sana, na akagoma kwenda kuoga akiitwa. Kombolela, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, ina dawa hiyo tangu zamani, mmoja akiwahi kopo waliokamatwa wote wanakombolewa, hamna wa kukaa nje mpaka mwisho.

Eti lazima saa nzima mfululizo. WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema watoto wa miaka 5 mpaka 17 wafikishe wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili, kwa kiasi mpaka kwa nguvu, lakini ni jumla ya siku, robo saa ya kamba mapumziko inahesabika, mbio za kutumwa dukani nazo zinahesabika.

Eti gemu la simu haliwezi kumtoa mtu ndani. Linaweza. Pokémon GO, gemu la simu la kutembea nje kusaka viumbe wa kwenye skrini, ilipotoka 2016 watu walitembea kweli, ila utafiti uliochapishwa mwaka huo huo kwenye jarida la kitabibu la BMJ, wa vijana wa Marekani, ulikuta wiki ya kwanza hatua zimeongezeka kama 955 kwa siku, kufika wiki ya sita zimerudi pale pale. Kwa hiyo shida sio simu, shida ni mchezo kuzoeleka, na hata rede inazoeleka. Ndo maana sisi kila Ijumaa mtoto mmoja anapewa zamu ya kutunga sheria mpya, ya juzi ilikuwa chupa ijazwe kwa mkono wa kushoto tu, na mpaka magharibi inaadhiniwa hakuna aliyeijaza.