Elektrodi haziwekwi juu ya kibofu

Juzi mama mmoja wa hapa Busia, anayebanwa na mkojo kila mara, alinionyesha wekundu chini ya kitovu. Jirani alimwazima mashine ya TENS, ile ya kupitisha umeme mdogo kwenye ngozi kwa vibandiko viitwavyo elektrodi; akavibandika juu ya kibofu, akapandisha umeme mpaka machozi yakamtoka. "Daktari, si ndipo ugonjwa ulipo?" Si hapo, mama. Nimechoka kuona watu wakiunguzwa tumbo bure.

Anayebanwa na mkojo ghafla, kila saa, usiku na mchana, mara nyingi kibofu chake hakijajaa. Kinajikaza kabla ya wakati kwa sababu neva zinakipa amri mapema. Basi tunazifuata neva. Neva ya tibia hupita nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani, na mizizi yake hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ngazi tunazoziita L4 hadi S3. Neva za kibofu hutoka S2 hadi S4. Zinakutana kwenye S2 na S3, ndiyo maana nabandika elektrodi moja nyuma ya kifundo na nyingine sentimita 10 hivi juu yake. Dakika 30, mapigo 10 hadi 20 kwa sekunde.

Na umeme ukizidi, dawa haizidi! Napandisha taratibu mpaka kidole gumba cha mguu kicheze au mgonjwa ahisi mtekenyo ukishuka kwenye wayo, kisha nasimama kabla ya maumivu. Tiba hii huchukua wiki 12 hivi. Anayeumizwa wiki ya kwanza harudi ya pili.

Yanayotokea ndani ya uti wa mgongo bado yanabishaniwa, nami sina jibu kamili. Utafiti wa SUmiT wa Marekani, uliotoka 2010, ulipata nafuu kwa asilimia 54.5 ya waliotibiwa, na asilimia 20.9 ya waliofanyiwa tiba bandia. Tena wao walitumia sindano, mimi natumia vibandiko. Kwa hiyo simwahidi mtu kupona.

Mkojo upimwe maambukizi kwanza. Mjamzito na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, hapana. Na mama anayevuja mfululizo tangu uzazi mgumu msimpe mashine kabisa: huenda ni fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo ukeni, apelekwe kwa daktari mpasuaji.

Mwenye mashine nyumbani aje nayo, pamoja na daftari la siku tatu: saa za kwenda chooni, kiasi cha mkojo, alichokunywa. Nitamwonyesha kifundo.