Mwendesha mchezo si mtunzi wa riwaya

Wengi wanaoanza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons, huamini kuwa kampeni nzuri (mfululizo wa vikao vya hadithi moja) ni ile ambayo mwendesha mchezo, yule anayeongoza meza na kusimulia ulimwengu wake, ameiandika yote mapema, tangu kijiji cha kwanza hadi pambano la mwisho. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na imewachosha waendeshaji wengi hodari.

Historia yenyewe haiiungi mkono. Dave Arneson alipoanzisha Blackmoor, ulimwengu wake wa kubuni wa mchezo, huko Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa na ngome, mapango chini yake, na wachezaji walioamua wenyewe waelekee wapi. Dungeons & Dragons, mchezo aliotunga na Gary Gygax, ulitoka mwaka 1974, nao ulimtaka mwendeshaji achore ramani na kupanga viumbe na hazina. Hadithi ilizaliwa mezani.

Tuseme umemwandaa mtawala mwovu atakayetoroka ili arudi baadaye. Mchezaji anarusha dadu ya pande 20, inatua kwenye 20, mtawala anaanguka. Ukimwokoa kwa hila, meza nzima itajua, na hakuna atakayehangaika tena kufikiri. Mwache afe. Kisha jiulize: nani anakitaka kiti chake? Nani alikuwa akimdai? Ndugu yake yuko wapi usiku huu? Hapo umepata kazi ya wiki tatu.

Andaa basi watu wenye haja zao na mahali penye hatari. Ramani ya daftari inatosha kabisa. Na mkubaliane siku ya kukutana. Kampeni nilizoziona zikifa hazikuuawa na hadithi mbovu, bali na watu watano kukosa jioni moja.