Mbwa msaidizi Marekani hahitaji cheti cha mtandaoni

Kwenye magrupu ya Waswahili walioko Marekani unazunguka ujumbe kwamba mbwa wa kumsaidia mwenye kisukari au kifafa lazima asajiliwe mtandaoni na avae kizibao. Si kweli. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya 1990 (ADA) inaruhusu umfundishe mwenyewe, bila cheti. Muhimu ni kazi: mathalani, akugonge goti kwa pua sukari inaposhuka. Dukani wahudumu wataruhusiwa kukuuliza maswali mawili tu: mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kazi gani? Watu huchanganyikiwa kwa sababu mashirika ya ndege yanaweza kudai fomu (hiyo ni sheria nyingine), na wauza vyeti hawana haraka ya kuwasahihisha. Hakikisha mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, ada.gov, bure, na ujumbe huo tafadhali usiusambaze.