Homa ya mgonjwa wa kansa: si kila mtu lazima alazwe

Wengi bado wanaamini mgonjwa wa kansa akipata homa wakati kemo (dawa kali za kutibu kansa) imeshusha kinga basi lazima alazwe, atundikiwe antibayotiki za mshipa mpaka chembe nyeupe za damu zipande. Zamani ilikuwa hivyo kweli, na sababu ilikuwepo, maana maambukizi yanaweza kuua ndani ya masaa. Ila mwaka 1999 zilitoka tafiti mbili, moja ya Marekani nyingine ya Ulaya, zikaonyesha kwa wenye hatari ndogo ya kuzidiwa, vidonge vya antibayotiki vya siprofloksasini na amoksilini-klavulaneti vinafanya kazi sawa na sindano. Wagonjwa wa tafiti hizo walikuwa bado wodini, kuwaruhusu nyumbani kulizoeleka baadaye, hasa baada ya kipimo cha MASCC cha mwaka 2000, cha kupima hatari ya mgonjwa mwenye homa kuzidiwa, ambapo daktari anahesabu alama hadi 26, na 21 kwenda juu ni hatari ndogo.

Sasa jamani hii haina maana umeze dawa nyumbani usubiri!! Joto likifika 38.3, au 38 kwa saa nzima, nenda hospitali hapo hapo, usilifiche na panadol. Dozi ya kwanza ya antibayotiki inatakiwa ndani ya saa moja, unaangaliwa angalau masaa 4, ndo uruhusiwe kama unameza vizuri, una mtu wa kukaa nawe usiku na mchana, simu, usafiri, na unaishi karibu. Wenye leukemia ya ghafla (kansa ya damu inayokuja kwa kasi) kwa kawaida wanalazwa tu. Na homa isiposhuka siku 2 mpaka 3, unarudi.